Karatasi yenye haikutoka

Kamalondo, Lubumbashi, tarehe 4 ya mwezi wa sita 2024

Adalbert,

Ni miye, yaya yako Jeanne, dada yako mukubwa. Mukono ni ya Abigaël, mutoto ya binti yangu Léa, lakini kinywa ni yangu, usiseme kama mutoto njo anakutukana. Kama uko unapumua kule Lukafu na mihogo yako, muzuri. Miye naye niko napumua. Magoti inauma, munkoyo, kinywaji yangu ya mahindi, inauzika, Léa iko Kambove anapikia bachimbaji bukari ya unga, mutoto wake nimebakia naye. Habari ya nyumba imeisha. Sasa tuingie mu matusi.

Miaka makumi tatu na mbili sikukusemesha, na leo naye singekusemesha. Lakini kuko kijana moya, Merdi, mutoto ya Mama Christiane, ule mwenye kuuza bitenge ku avenue ya nyuma. Anatengenezaka filme. Alikuya ku parcelle yangu, mu kiwanja ya nyumba, na miwani nyeusi, na mawingu iko imefunika jua yote, akakaa ku kiti ya bakiriya, na munkoyo hakulomba. Ananiita sawa bibi yake, anasema, "Nkambo, ni weye yaya ya Adalbert, ule alichoraka Mukuba?" Namuambia, "Sina mudogo wa ile jina." Anacheka. Anasema, "Nkambo, Mukuba namba kumi na mbili njo baba ya filme zetu zote."

Baba! Bitabu ya mapicha, page kumi na sita, wino inabakia ku bidole! Bantu balikuwa banafungia nayo karanga. Miye wa kwanza nilifungia nayo karanga.

Ninajua bitabu yako, usifikiri nimesahabu. Mukuba, mufanyakazi wa fonderie, kule banayeyusha shaba, aliangukia mu shaba ya moto, akatoka mwili yote nyekundu, risasi haimuingie. Anaruka toka ku cheminée ya moshi mpaka ku terril, ile mulima nyeusi ya mabaki ya shaba, anakamata bezi ya mali, anacheka, anakunywa munkoyo kwa yaya yake. Ile ilikuwa Mukuba muzuri. Hata baba padri alikuwa anamusoma. Nyuma, ulileta ile namba kumi na mbili. Mudogo ya Mukuba, kitoto mwanamuke, anafwa mu mawe ya terril, chini ya cheminée. Mukuba anachelewa. Anasimama pale juu ya terril, anageukia muji mugongo, kitabu inaisha.

Merdi anasema pale njo giza ilianzia. Eti mbele ya ile namba, bantu ya nguvu mu bitabu balikuwa bachekeshaji, na weye njo ulibapatia kisirani. Nilimuambia, "Kisirani alikuwa nayo tangu tumbo ya mama yetu."

Sasa bote banakopia. Nimeona kwa jirani, iko na télé kubwa sawa mulango. Ya Merdi niliona, ya bale ba Kinshasa niliona, na ile ingine ya kijana mwenye iko Bulaya. Ni moya tu! Mwanaume amevaa nyeusi. Iko juu ya kintu, siku zote iko juu ya kintu, sijue nani alibaambia bakisimama juu banakuwa na akili. Anasemea mu koo sawa mbuzi iko na kikohozi. Mvua inanyesha, na ni mwezi wa saba, kiangazi, ninaona mutu anamwanga na ndoo. Na mu mwanzo, kila mara, kitoto mwanamuke anafwa. Hasemi kintu. Hatuyue alikuwa anapenda kula nini. Anafwa tu, juu ule mubwana apate kasirani ya kupiga nayo bantu saa mbili. Kwani habawezi kuwa na kasirani yabo benyewe? Lazima bamuue mutoto ya mwenyewe.

Juu ya ule mutoto ya mwenyewe njo ninaandika barua hii. Weye ulimuita ule kitoto Ngosa. Ulimuchora na uso ya Ngosa yangu, mutoto nilizaa, na ile kovu ku nyusi. Iko muzima, ana miaka kumi na tatu, unamuchora mufu, unauzisha. Kisha majuma tatu, alilala mu kitanda yangu na hakuamuka. Nilikufukuza ku kilio mbele ya bantu yote, na nikikuona tena mbele ya jeneza nitakufukuza tena.

Sasa sikia. Hii mutoto mwenye anaandika, tulimupatia ile jina. Abigaël Ngosa. Iko na miaka kumi na sita, anakula, anatembea, anajibu na kiburi. Jina iko na mwenye. Merdi anataka kutengeneza filme ya Mukuba, kamili, na Ngosa anafwa tena, mbele ya mashini ya picha, jina inaitwa. Anasema kunabakia sinyatire yako tu, ile sahihi ku karatasi. Kwetu jina ya batoto iko mu mukono ya yomba, ndugu ya mama, na yomba ni weye, hakuna mwingine alibakia. Njo maana ninakulomba, na inaniuma kukulomba kupita magoti. Katala. Usitie sinyatire. Ulifanya baya moya mu maisha yako, usirudilie.

Chama, ule dereva wa camion ya mahindi, atakuletea barua. Umupatie jibu.

Yaya yako Jeanne, alama ya kidole

(Nkambo Adalbert, ni miye Abigaël, hii hakuisema. Mutoto mwenye atacheza Ngosa ni miye. Nilikubali mwezi uliopita. Hayue. Usimuambie, ninakulomba.)


Lukafu, tarehe 15 ya mwezi wa sita 2024

Yaya Jeanne,

Heshima kwako. Barua nimepata, nimesoma mara tatu, matusi iko kamili, hakuna yenye ilipotea ku njia.

Merdi alishafika huku na moto, ile pikipiki yake, mbele ya barua yako kufika. Alileta bitabu yangu ya zamani mu plastiki, sawa dawa. Yaya, sikudanganye, nilifurahi. Mutu amelala na jembe miaka yote, na kijana anamuita maître. Lakini sikutia sinyatire. Nilimuambia angoje.

Kuko neno moya ya namba kumi na mbili yenye hauyue. Stanislas, bwana yako, alikuwa anaiyua, na alikufa nayo. Siwezi kuiweka mu barua yenye mutoto atakusomea. Tafuta mutu muzima wa kukusomea, nitaiandika.

Mudogo yako Adalbert

Abigaël, hii ya chini ni yako peke. Ulifanya vibaya. Siko nasema juu ya kucheza, nasema juu ya kuficha. Muambie nkambo yako weye mwenyewe mbele ya Chama kurudia huku. Kama haumuambie, miye nitamuambia. Kisha kusoma, kata hii kipande.


Kamalondo, tarehe 27 ya mwezi wa sita 2024

Adalbert,

Leo mukono ni ya Dédé, fundi wa nguo, jirani yangu. Amekuwa na haya, anakohoa kila musitari. Kohoa, Dédé, lakini andika.

Uwongo yenu ya bawili nimeivumbua, na hata a e i o u siyue. Abigaël alinisomea barua yako, anasoma muzuri, na mwisho sauti inakimbia. Nikakamata karatasi. Miye sisomake, lakini miaka makumi ine ninafunga karanga, karatasi nzima ninaiyua na karatasi ya kupasuliwa ninaiyua. Ile ya chini ilikuwa na meno. Namuuliza, "Hii mudomo yake iko wapi?" Anasema, "Nkambo, iko vile." Iko vile! Adalbert hana pesa ya sabuni lakini anapasua karatasi nzima sawa tajiri?

Nikaenda kwa Dédé anisomee tena. Ku musumari yake kunaning'inia robe nyeupe ya musichana, na ku kifua rangi nyekundu imemwangika. "Dédé, hii ya nani?" Anasema, "Ya filme." "Ya nani mu filme?" Anasema, "Ya Ngosa." "Na mwenye kuivaa?" Pale akaanza kutafuta mikasi yenye ilikuwa ku shingo yake. "Mama Jeanne, miye nashonaka tu." Nikaipima na mukono. Mabega ya Abigaël. Kiuno ya Abigaël. Kwetu robe ya kufwa nayo banakuvalisha ukisha kufwa, Adalbert. Hapana mbele, na hapana kukupima nayo unacheka.

Nikarudia ku nyumba. Nikamukuta anapeta unga. Sikupiga. Ninasema tu, "Leta ile mudomo ya karatasi." Akaitosha mu soutien, pale ku kifua. Anasema, "Nkambo, ni mchezo tu." Ninasema, "Hata bitabu ilikuwa mchezo." Anasema, "Ngosa ile alikufa juu alikuwa mugonjwa." Ninasema, "Nani alikuambia?" Anasema, "Maman Léa." Ananiangalia na ile macho. Anasema nikimukatalia ataenda kukaa Kambove kwa mama yake, kula vumbi ya bachimbaji, na hatarudia. Iko na akili ya nyoka. Anayua nyumba yangu ni yeye tu iko anajaza.

Asubui ya kesho yake nikaenda kwa Merdi. Nilimukuta mbele ya magazini ya bitenge ya mama yake, na bajinga yake bawili, benye kumubebea bintu ya filme. Namuambia, "Filme fanya. Lakini ule kitoto mwenye anafwa, mupatie jina ya mama yako. Muite Christiane." Anasema, "Nkambo, ni historia, siwezi kubadilisha." Ninasema, "Christiane ni jina muzuri. Fupi. Inaitika." Anasema, "Lakini maman yangu iko muzima!" Namuambia, "Na Abigaël Ngosa, iko mufu?"

Alitosha miwani ku macho. Mara ya kwanza ninaona macho yake, madogo sana, sawa ya mutu anangojaka chakula. Mama Christiane mwenyewe, ndani mu bitenge yake, akapiga kelele, "Merdi! Jina yangu usiiweke mu ile bintu!" Kumbe banayua! Banayua sawasawa. Giza banayipenda, lakini ku nyumba ya mwingine.

Na weye, "neno moya yenye hauyue." Unaning'iniza neno mbele ya macho yangu sawa nyama mbele ya mbwa. Dédé ni mutu muzima, iko na bajukuu saba. Sema. Na kama neno ni ya kuniomba nisamee, usipoteze wino.

Jeanne, alama ya kidole


Lukafu, tarehe 9 ya mwezi wa saba 2024

Yaya Jeanne,

Kaa chini. Bwana Dédé, usome pole pole.

Ngosa alikuwa mugonjwa wa damu, ile ya kuzaliwa nayo. Docteur alituita, Stanislas na miye, mwezi wa nane ya 1991. Alisema hatafika Noeli. Stanislas aliniapisha. Alisema, "Jeanne akiyua atakufwa mbele ya mutoto." Njo vile tulikuficha. Kosa ya kwanza njo ile, na ni yetu bawili.

Lakini Ngosa, nani angemuficha kintu? Alikuwa anakuyaka kwangu ku bureau ya ronéo, ile mashini ya kuchapa nayo bitabu, anakunja karatasi na miye. Siku moya anasema, "Yomba, unichore nikifwa." Nilikatala. Anasema, "Ukikatala nitachora mwenyewe, na weye unayua mikono yangu iko mubaya." Njo nikachora, na yeye iko pembeni anaelekeza. Anasema, "Mukuba achelewe." Ninasema, "Ju ya nini achelewe? Ni yaya yako." Anasema, "Juu bantu banachelewaka." Nikachora Mukuba amegeuka mugongo pale juu ya terril. Nilifikiri imeisha. Anasema, "Sasa mama anakuya."

Yaya, kuko page ya kumi na saba. Mu ile page unapanda terril, kiatu moya ku muguu, mwiko ku mukono. Maneno yako hakuisema miye. Ngosa alinisemea, anaiga sauti yako, anacheka mpaka anakohoa. Niliandika vile alisema: "We mupumbafu ya shaba, unasimama pale unaangalisha nani mugongo? Mutoto iko na baridi. Shuka. Kamata miguu, miye ninakamata kichwa." Na mu picha ya mwisho munamubeba munashuka naye. Kitabu ilikuwa iishe pale.

Sasa, mashini. Karatasi moya unaikunja katikati, inatoa page ine. Karatasi ine, page kumi na sita. Kwa page moya ya kuongeza nilikuwa na lazima ya karatasi nzima tena, ku kila kitabu. Ilikuwa kisha pillage, ile siku ya bunyanganyi, bantu balibomoa magazini yote, karatasi hakukuwa hata ya kuandikia barua ya kilio. Nikasema, ile page nitaiweka mu namba kumi na tatu. Hakukuwa namba kumi na tatu.

Njo giza yabo yote. Vijana banafanya filme, banasoma kwa maprofeseri ju ya nini Mukuba aligeuka mugongo. Aligeuka mugongo juu karatasi haikutosha. Merdi alirudia huku, nilimuambia, alibakia kinywa wazi sawa samaki.

Niko yomba, sasa nasema. Jina ya Ngosa inatoka mu filme. Kitoto asiitwe jina yoyote. Page ya kumi na saba inaingia, nimeichora tena, Chama anaileta. Merdi akikatala hana sinyatire. Abigaël kucheza ao kutocheza, ni weye.

Siombi unisamee. Wino ni kidogo.

Adalbert


Kamalondo, tarehe 20 ya mwezi wa nane 2024

Adalbert,

Mukono ni ya Abigaël tena. Tulisemezana. Hapana leo, na hapana kwa uzuri, lakini tulisemezana.

Picha yako ilifika. Umenichora na matako kubwa. Juma moya nzima sikuitosha mu kitambaa, na nyuma, nikaitosha kila saa. Dédé alinisomea maneno, akanisomea tena, mpaka akasema, "Mama Jeanne, bakiriya yangu iko inangoja nguo." Ile sauti ni yangu kabisa. Mutoto alikuwa ananichunga vile, miye sikuyua. Stanislas nilienda kumutukana ku makaburi, nilikaa kule mpaka mulinzi akaniuliza kama nimepotea. Weye nitakutukana ukifika. Chama anatoka Lukafu kila siku ya ine ya juma. Panda. Kilio ya Ngosa hukuimaliza, kitanda iko.

Filme sasa. Merdi alikubali yote, juu hakuwa na njia ingine. Nyuma akarudia ku kiti ya bakiriya, na mara hii alilomba munkoyo, anasema, "Nkambo, actrice mwenye kuyua kutukana vile hakuna. Ucheze weye." Nilimuambia miye siko wa kupakwa rangi. Anasema hakuna rangi. Nikakubali, na Abigaël naye acheze, juu ya kumuchunga, hapana juu ya sinema yabo.

Balitupeleka asubui chini ya terril. Adalbert, ungeona ile bujinga. Mukuba ni kijana moya, Elisée, baba yake ni mutu ya railway. Balimupaka nyekundu kutoka kichwa mpaka bidole, na anakula beignet, ile andazi, na mikono mbali sawa bibi arusi, asiharibu. Anaogopa kupanda. Mukuba! Anaogopa mawe! Bantu bawili balimusukuma ku matako mpaka pale juu. Akafika, akageuka mugongo, akafunga mikono, na ghafla amekuwa mutu mukubwa, anapumua na pua. Ninasema, "Huyu sasa anafikiri nini pale?" Merdi anasema, "Anafikiri giza, nkambo." Na bajinga yake banamwanga mvua na ndoo. Mwezi wa nane! Mvua ya ndoo! Nikabauliza kama ku shuleni balifundishwa mvua inatokaka upande moya tu.

Abigaël akalala pale mu mawe nyeusi, katikati ya terril, na ile robe. Robe ililowana. Akafunga macho.

Nilikuwa nacheka bado, juu ya ndoo. Kicheko ikakatika.

Merdi akapiga mikono, ni saa yangu. Nikapanda, kiatu moya, mwiko ku mukono, vile ulichora. Maneno ya Ngosa nilikuwa naiyua yote, Abigaël alinifundisha majuma mbili, tunapeta unga tunasema. Miye, Adalbert, mwenye kinywa haikunishindaka hata mbele ya polisi. Pale juu ya mawe neno haikutoka hata moya. Nikaangusha mwiko. Nikamukamata kichwa, mu mikono yote mbili, nywele iko na baridi. Nikamuangalia ule mupumbafu ya rangi pale juu. Nilimuonyesha miguu, na kidevu tu.

Akashuka. Hakuna mutu alimuambia, alishuka mwenyewe, anateleza, rangi inamutoka na mayi. Akamukamata miguu.

Na Abigaël akacheka. Elisée alimushika pale nyuma ya magoti, na yeye pale hagusikake, inamutekenya. Alijizuiza, tumbo inaruka, nyuma akapasuka kucheka kabisa, kinywa wazi, meno yote inje, mufu gani huyu. Merdi anapiga kelele, "Acha, acha, turudilie!"

Sikuachilia kichwa. Nikamuambia, "Rudilia na mama yako. Miye Ngosa nilishamubebaka mara moya, na hakuwa anacheka."

Tukashuka naye vile mpaka chini. Elisée alitaka kumuweka njiani, anasema mikono inauma. Nilimukatalia.

Jeanne, alama ya kidole